San Andreas Upya: Toleo Jipya la Mchezo wa Kale na Usimulizi wa Vibandani Kisii na Nyamira

1. Utangulizi

Ubishi juu ya matoleo si jambo geni katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili. Msomaji aliyeusoma utenzi wa Al-Inkishafi katika toleo la Hichens la mwaka 1939, kisha akausoma tena katika toleo la Allen la mwaka 1977, anafahamu kwamba kila mhariri huacha alama ya mkono wake katika kazi ambayo alikusudia kuihifadhi tu. Anafahamu pia kwamba uzuri wa karatasi na unadhifu wa chapa havitoshi kuwa kipimo cha toleo. Kipimo ni kama kazi iliyomo ingali ile ile. Na ikiwa imebadilika, ni nini kilichobadilika, na kwa faida au hasara ya nani.

Nia ya makala haya ni kulipeleka swali hilo mahali ambapo huenda baadhi ya wasomaji wa jarida hili hawakulitazamia, yaani katika mchezo wa video. Mchezo wenyewe ni Grand Theft Auto: San Andreas, uliotolewa mwezi wa Oktoba 2004 kwa mashine ya PlayStation 2. Tarehe 11 Novemba 2021 mchezo huo ulitolewa upya, pamoja na miwili iliyoutangulia, kwa mashine za siku hizi. Picha zilinolewa, mwanga ukabadilishwa, na mkusanyo mzima ukapewa jina la The Definitive Edition, yaani toleo la kukata shauri, ambalo baada yake hapahitajiki jingine. Ni madai makubwa, na kama madai yote ya wahariri, yafaa yapimwe.

Huenda wapo watakaouliza kama kubofya vitufe mbele ya televisheni kwastahili kurasa za jarida la lugha. Swali la namna hiyo liliulizwa pia mjini Nairobi baada ya mwaka 1968, wakati Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipotaka fasihi ya Kiafrika, pamoja na masimulizi yake, iwekwe katikati ya masomo ya fasihi chuoni. Leo mwalimu wa fasihi nchini Kenya haoni haya kufundisha hadithi alizosimuliwa na bibi yake. Hoja yetu hapa ni ya jamii hiyo hiyo. Tunashikilia kwamba San Andreas, kama ulivyojulikana katika miji na masoko ya Kisii na Nyamira katika muongo uliofuata mwaka 2004, ulikuwa kazi ya sanaa simulizi yenye fanani wake na hadhira yake. Kwamba toleo jipya limetengeneza mengi ambayo usimulizi huo haukuyajali, na limeondoa baadhi ya yale ambayo ulisimama juu yake. Na kwamba sisi tulio katika idara za lugha tuna hatia yetu katika upotevu huo.

2. Muhtasari wa Kisa

Mchezo ulitengenezwa na kampuni ya Rockstar North ya Edinburgh, Uskoti. Walioandika kisa na mazungumzo ni Dan Houser, Mwingereza, pamoja na DJ Pooh, mwanamuziki wa Los Angeles, na James Worthy. Mandhari ni jimbo la kubuniwa liitwalo San Andreas, lenye miji mitatu: Los Santos, San Fierro na Las Venturas, ambayo msomaji ataitambua upesi kuwa vivuli vya Los Angeles, San Francisco na Las Vegas. Mwaka ni 1992.

Mhusika mkuu, Carl Johnson, aitwaye CJ, ni kijana Mmarekani Mweusi anayerejea Los Santos baada ya miaka mitano ugenini, kwa kuwa mama yake ameuawa. Kabla hajafika nyumbani anakamatwa na polisi wala rushwa wakiongozwa na Frank Tenpenny. Wanamnyang'anya pesa, wanamtishia kumbambikia mauaji ya polisi mwenzao, kisha wanamtupa katika mtaa wa maadui zake. CJ anachukua baiskeli na kujiendesha hadi nyumbani. Nyumba ni tupu. Rafiki wa zamani, Big Smoke, anaingia na rungu akidhani ni mwizi. Wanatambuana, wanakwenda makaburini, na huko kaka yake, Sweet, anamlaumu kwa kuwakimbia.

Kuanzia hapo kisa ni kirefu. CJ anapigania mtaa wake, anasalitiwa, anapelekwa mashambani kwa nguvu, anajijenga upya katika miji mingine, na hatimaye anarudi. Big Smoke na Ryder, waliokula naye sahani moja, wanabainika kuwa wameshauza wenzao. Karibu na mwisho Tenpenny anaachiliwa huru na mahakama, na mji unalipuka kwa ghasia, jambo linalokumbusha ghasia za Los Angeles za Aprili 1992, baada ya polisi waliompiga Rodney King kuachiliwa.

3. Kibanda kama Uwanja wa Uwasilishaji

Takwimu za biashara zinasema kwamba San Andreas ndio mchezo uliouzwa kuliko yote iliyotengenezwa kwa PlayStation 2. Takwimu hizo hazikuhesabu Kisii. Diski zilizofika kwetu zilikuwa nakala za nakala, zilizoandikwa jina kwa kalamu ya wino mzito, na mashine zilizozisoma zilikuwa zimefunguliwa na fundi ili zikubali nakala hizo. Televisheni na mashine moja viliwekwa katika chumba cha mabati kando ya soko, mbele yake benchi moja au mawili, na mlangoni akaketi mwenye kibanda akipokea sarafu. Vibanda vya namna hiyo vilikuwako Kisii mjini, Suneka, Ogembo, Keroka na Nyamira, kama vilivyokuwako kwingineko nchini.

Katika kibanda ambacho mwandishi wa makala haya alikizoea akiwa mwanafunzi wa sekondari, karibu na Keroka, mchezo wa mpira ulilipiwa kwa mechi na San Andreas ulilipiwa kwa dakika. Kwa kuwa hakuna aliyekuwa na sarafu za kutosha, vijana wanne au watano walichanga. Kidhibiti, ambacho wao walikiita padi, kilishikwa na mmoja. Aliyekufa au kukamatwa na polisi katika mchezo alimwachia anayefuata. Wengine hawakukaa kimya wakisubiri. Walisema.

Ni kusema huko kunakotuhusu. Mazungumzo ya mchezo yalikuwa katika Kiingereza cha Wamarekani Weusi, cha haraka na chenye misimu, ambacho hata mwalimu wetu wa Kiingereza hangekifuata. Wala sauti ya televisheni haikusikika vizuri mvua ilipopiga mabati, na Kisii mvua hainyeshi kwa msimu mmoja tu. Kwa hiyo akatokea daima mmoja katika benchi, mara nyingi si yule mwenye padi, aliyechukua kazi ya kueleza. Alisema CJ amekuja kufanya nini, polisi yule ni nani, kwa nini kaka yake amekasirika. Aliwapa wahusika sauti na akaingiza vichekesho, na pale ambapo hakuelewa aliziba pengo kwa kubuni.

Sanaa hiyo ina ndugu zake katika Afrika ya Mashariki. Nchini Kenya DJ Afro alijipatia sifa kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili cha mitaani. Dar es Salaam alikuwako Lufufu, naye alizifasiri filamu kwa sauti yake mwenyewe. Kampala wako wasimulizi wa video wafanyao hivyo kwa Kiganda. Tofauti ni kwamba filamu huenda mbele bila kumsubiri msimulizi, ilhali mchezo husimama na kugeuka kwa amri ya mshika padi, na mshika padi huyo yu karibu na msimulizi kiasi cha kuguswa bega. Fanani wa benchi alikuwa na uwezo wa kuamuru kisa kiende wapi. Katika jambo hilo alifanana zaidi na mganaji wa emegano, hadithi za Kigusii za jioni, kuliko na mfasiri wa filamu.

4. Fani

Mhakiki anayelinganisha matoleo mawili hana budi kutaja mifano. Tutataja mitano.

Wa kwanza ni mwanzo unaorudiwa. Mashine ya PlayStation 2 ilihifadhi maendeleo ya mchezaji katika kadi ya kumbukumbu yenye nafasi ya megabaiti 8. Kibandani kadi ilikuwa mali ya mwenye mashine, naye hakumruhusu kila mteja aandike juu yake. Matokeo yalikuwa kwamba karibu kila tulipocheza tulianza mwanzo kabisa: uwanja wa ndege, polisi, baiskeli, nyumba tupu, makaburi. Vijana wengi waliocheza San Andreas kwa miaka mitatu hawakupata kuiona San Fierro. Lakini mwanzo huo waliujua kama mtoto aujuavyo mwanzo wa hadithi ya magokoro, bibi yake, na kila fanani aliusimulia kwa namna yake, akiongeza hiki na kupunguza kile. Toleo jipya huhifadhi mambo lenyewe, bila kuombwa. Kwa mchezaji aliye peke yake nyumbani hiyo ni nafuu kubwa. Kwa benchi maana yake ni kwamba anayeingia leo anakuta kisa katikati, mahali alipokiacha mtu mwingine jana, na hapana anayeona haja ya kumweleza kilikotoka.

Wa pili ni zamu. Katika mchezo wa kale, aliyekufa au kukamatwa katika kazi fulani alijikuta nje ya hospitali au kituo cha polisi, hana silaha, mbali na alipokuwa. Kila aliyewahi kumbeba Big Smoke kwa pikipiki kando ya garimoshi anakumbuka uchungu wake. Toleo jipya humrudisha mchezaji papo hapo kwenye jaribio lile lile. Ni rehema, lakini ule muda wa aibu kati ya kushindwa na kujaribu tena ndio uliokuwa muda wa kukabidhiana padi, wa kubishana kosa lilikuwa la nani, na wa fanani kufupisha yaliyotokea kwa ajili ya mchezaji mpya. Kushindwa kulikuwa kituo katika usimulizi kama vile mwisho wa ubeti ulivyo kituo katika shairi. Aidha, katika toleo la PlayStation 2 mlikuwa na mahali ambapo mchezaji wa pili aliweza kuunganisha padi yake na kuingia. Mchezo wa wawili haumo katika toleo jipya.

Wa tatu ni kanuni za siri. San Andreas ulikubali kwamba mchezaji akibofya vitufe fulani kwa mpangilio fulani atapewa silaha, au afya na pesa 250,000. Kanuni hizo hazikuandikwa popote kibandani. Ziliandikwa nyuma ya daftari la Hisabati, zikauzwa kwa kalamu au chapati, na zaidi ya yote zilikaririwa. Kanuni mbili zilizotumika sana zilimalizika sawasawa: kushoto, chini, kulia, juu, kushoto, chini, kulia, juu. Benchi zima lilizitaja kwa pamoja wakati mshika padi akibofya, kwa mapigo ya kibwagizo, naye aliyekosea hatua moja alianza upya. Katika toleo jipya baadhi ya kanuni za zamani ziliondolewa kwa sababu za kiufundi, lakini zile mbili zimo. Mwandishi alipoketi katika kibanda kimoja mjini Nyamira mwaka 2025 na kuanza kubofya, mvulana aliyekuwa pembeni, ambaye hakuwa amezaliwa mchezo ulipotolewa, alitamka chini kwa chini hatua zote nane bila kukosea. Alipoulizwa amezipata wapi, alisema kwa kaka yake. Ni mfano mmoja tu, lakini mtafiti wa fasihi simulizi atajua thamani yake.

Wa nne ni ukungu. PlayStation 2 ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 32 tu, na haikuweza kuchora vitu vya mbali. Watengenezaji wakalificha pungufu hilo kwa ukungu wa rangi ya machungwa na kijivu uliofunika upeo. Mchezaji hakuona mwisho wa barabara, na kwa hiyo jimbo lilionekana halina mwisho. Wanaoishi kwenye vilima vya Gusii hawakuhitaji kufundishwa jambo hilo. Asubuhi ukisimama ukingoni mwa Manga, ukungu ukiwa umelala bondeni, nchi ya chini huonekana kubwa kuliko ilivyo. Jua likipanda unahesabu mapaa ya mabati. Toleo la 2021 liliondoa ukungu kwa kuwa mashine mpya haziuhitaji. Kutoka juu ya Mlima Chiliad mchezaji aliweza kuona miji kwa mkupuo mmoja, na safari ambayo fanani wetu aliieleza kama ya siku nyingi ikawa matembezi ya uani. Kilichoondolewa kilianza kama udhaifu wa mashine, lakini miaka mingi ya kuchezwa ilikuwa imekwisha kukifanya sehemu ya fani.

Mfano wa tano ni mdogo, lakini mwanafilolojia ataupenda. Katika mchezo wa kale pana duka la maandazi ya duara liitwalo Tuff Nut, na juu ya paa lake pamewekwa nati kubwa ya chuma, yenye pembe sita, badala ya andazi. Ni mzaha wa jina: neno la Kiingereza la nati ndilo lililojificha katika jina la andazi lenyewe. Waliolitengeneza upya walitumia programu ya kompyuta kulainisha maumbo yaliyokuwa na kona, na toleo lilipotoka nati ilikuwa imeviringwa, pembe zake zimetoweka, na mzaha umekufa. Hata maneno ya baadhi ya mabango yalitoka na makosa ya tahajia. Yeyote aliyepata kulinganisha miswada ya tenzi za hati ya Kiarabu anamjua mnakili wa aina hii. Akiona neno gumu asilolielewa, hudhani ni kosa, na kwa nia njema huliandika lililo jepesi. Kosa la mtu mzembe hutambulikana kwa urahisi. La mtu nadhifu hukaa kwa karne.

5. Lugha

Lugha ya benchi ilikuwa Kiswahili kilichochanganywa na Ekegusii na vipande vya Kiingereza. Tutatoa mifano miwili inayoonyesha kwamba mchanganyiko huo ulikuwa na kazi ya kisanaa.

CJ aingiapo katika nyumba ya marehemu mama yake, fanani mmoja wa Keroka alizoea kuliacha simulizi la nafsi ya tatu na kulia kwa sauti ya CJ mwenyewe: «Baba! Baba!» Siku moja alikuwapo mvulana kutoka Nakuru, mgeni wa likizo, akauliza mbona analilia baba hali aliyekufa ni mama. Benchi likaangua kicheko. Katika Ekegusii baba ni mama. Mzazi wa kiume huitwa tata. Fanani hakujisahihisha. Alimjibu, «Ndugu yangu, CJ ni Mgusii,» akaendelea. Tangu siku hiyo alilia hivyo hivyo kwa makusudi, akimtazama mgeni, na kicheko kikawa sehemu ya kipande hicho. Katika neno moja alikuwa amempa mhusika kabila, amemweka mgeni nje na kumkaribisha ndani, na ameligeuza tukio la msiba kuwa la msiba na mzaha kwa pamoja. Toleo jipya, kama la kale, halina tafsiri ya Kiswahili, seuze ya Ekegusii. Maandishi yake ya chini sasa yanasomeka vizuri zaidi, na vijana husoma kimya.

Mfano wa pili ni majina. Wenzake CJ wa mtaani waliitwa abamura, neno la Ekegusii la vijana waliotiwa jandoni, ambao zamani ndio waliokuwa walinzi wa boma na mifugo. Mlima Chiliad uliitwa Manga. CJ anapofukuzwa mjini na kujikuta mashambani, tulisema amepelekwa Borabu, kwa kuwa huko Nyamira ndiko tulikokujua kuwa na mashamba mapana, yaliyokuwa ya walowezi kabla hayajagawiwa wenyeji wakati wa uhuru. Kwa majina hayo jimbo la kubuniwa la Marekani liligeuzwa ramani ya nyumbani. Hatua hiyo ni ile ile aichukuayo mganaji anapoiweka hadithi aliyoisikia ugenini kando ya mto wa kwao.

6. Maudhui

Hapana budi tuseme wazi kwamba San Andreas ni mchezo wa ujeuri. Mchezaji hupora magari, huua wapita njia na hulipwa kwa hayo. Wanawake wamechorwa kwa dharau. Wazazi na walimu waliovichukia vibanda hawakuwa wajinga. Wala hatuwezi kusahau kwamba benchi lilikuwa la wavulana tu: jumuiya tunayoisifu katika kurasa hizi iliacha nusu ya vijana nje ya mlango, na usimulizi wa kike wa kisa hiki, kama ungalikuwako, hatuujui. Kuwaita wahuni wa mtaa abamura nako kulikuwa na hatari yake, maana kulilipa genge heshima ya jando.

Hata hivyo haingekuwa haki kusema kwamba hadhira ilimeza ujeuri huo bila kutafuna. Tenpenny hakuhitaji maelezo Kisii. Polisi asimamishaye gari, achukuaye pesa za abiria na kumtisha kwa kesi ya uongo alijulikana kabla ya PlayStation kufika, na benchi lilimzomea kwa jina la kituo cha ukaguzi kilichokuwa barabarani siku hiyo. Big Smoke naye alieleweka kwa njia ya emegano. Ni mnene, anapenda chakula kuliko wote, anaagiza sahani nyingi wenzake wanapoagiza moja, na mwisho anawauza. Wasimulizi wa kwetu wanaye mhusika huyo siku nyingi, naye ni fisi. Waliofika mbali katika mchezo walipoleta habari kwamba Smoke ni msaliti, wazee wa benchi, yaani vijana wa miaka kumi na saba, walisema walijua tangu siku ya kwanza, kwa jinsi alivyokula. Huo ni uhakiki wa wahusika, na haukutoka katika kitabu.

Kwa hiyo maudhui ya San Andreas wa Kisii hayakuwa yale ya diski peke yake. Diski ilitoa mtaa, bunduki na magari. Benchi liliongeza sheria: kwamba mlafi atasaliti, kwamba mwenye madaraka huiba mchana, na kwamba aliyekimbia kwao hulipa deni akirudi. Mchezaji wa leo, akiwa peke yake na simu au mashine mpya, anabaki na yale ya diski tu. Anayehofia athari za mchezo huo kwa vijana angefaa afikirie kama hali hii ya pili si ya kutisha zaidi.

7. Haki ya Toleo Jipya

Yafaa tulitendee haki toleo tunalolihakiki. Lilipotoka mwaka 2021 lilijaa kasoro hata wachezaji wa Ulaya na Marekani wakapiga kelele. Mvua ilichorwa kama nyuzi nyeupe zilizoziba njia, na nyuso za baadhi ya wahusika zilikuwa kama za plastiki. Kabla ya hapo matoleo ya kale yalikuwa yameondolewa madukani, na baadhi ya nyimbo za redio ya mchezo zilikuwa zimekwisha kupotea kwa sababu ya haki za wenye muziki. Tarehe 19 Novemba 2021 Rockstar waliomba radhi na kuahidi kuyarejesha matoleo ya kale ya kompyuta. Mwezi wa Novemba 2024 masahihisho makubwa yaliletwa kwenye mashine zote: mwanga wa kale ukarudishwa kwa atakaye, na ukungu pia. Magari huendeshwa kwa urahisi zaidi kuliko zamani, na silaha huchaguliwa upesi. Mwandishi wa makala haya alipolicheza Nyamira aliona kwamba ni kazi ya kuvumilika, na mara mbili tatu, hasa machweo ya Los Santos, aliona kwamba ni nzuri.

Lakini kurudishwa kwa ukungu ndiko kunakotuonyesha kasoro ya jina la mkusanyo. Toleo lililodai kuwa la mwisho lilihitaji miaka mitatu ya kusahihishwa, na masahihisho yake bora yalikuwa ni kurudi nyuma. Jambo la muhimu zaidi ni kwamba hata likisahihishwa lifanane kabisa na la mwaka 2004, halitaweza kuurudisha mchezo tulioujua. Hilo si kosa la kampuni, maana kampuni haikuwahi kuumiliki. Sehemu yao ilikuwa diski. Sehemu yetu ilikuwa sauti, nayo haikuandikwa na yeyote.

8. Hitimisho

Kibanda cha karibu na Keroka hakipo tena. Mahali pake panatengenezwa simu. Vibanda vilivyobaki vina mashine mpya, na mteja hutaka mpira kwanza. Yule fanani aliyelia «Baba!» ni mwalimu wa shule ya msingi, na mwandishi alipomwomba asimulie tena mwanzo wa mchezo, alianza vizuri, akasita kwenye makaburi, akasema kwamba bila benchi hawezi. Mhakiki yeyote wa fasihi simulizi angemwelewa.

Katika miaka ile idara zetu zilikuwa zikiwatuma wanafunzi vijijini na vinasa sauti kukusanya emegano kwa wazee, na walifanya vyema. Njiani walipita vibanda ambamo watoto wa vijiji hivyo hivyo walikuwa wakigana kwa Ekegusii na Kiswahili, mbele ya hadhira iliyolipa kiingilio, nao hawakusimama, kwa sababu tuliwafundisha kwamba fasihi simulizi iko kwa wazee. Mwandishi wa makala haya alikuwa miongoni mwa wanafunzi hao. Alikuwa na kinasa sauti mkononi, na kibanda alikijua.

Bado muda upo, ingawa si mwingi. Waliokuwa kwenye mabenchi yale sasa ni watu wa miaka thelathini na arobaini. Wako Kisii, Nyamira na Nairobi, na kumbukumbu zao zaweza kukusanywa wakikutanishwa wanne au watano mbele ya mashine ya zamani, kama zamani. Tunapendekeza kwamba kazi hiyo ifanywe na wanafunzi wenye kuijua Ekegusii, kwamba inaswe pamoja na vicheko na mabishano yake bila kusafishwa, na kwamba anayeinakili ajihadhari asiiviringe nati. Ni matumaini yetu kwamba wenzetu wa sehemu nyingine, ambako vibanda vilisema kwa Kiluo, Kikamba au Kimijikenda, watatupatia ya kulinganisha.